Kaseti za Kufukuzia Ndege

Nina duka la kutoa kopi na kuchapa barua pale Kanyenye, Tabora mjini, na kwa miaka mingi wateja wangu wamekuwa wakinivumilia. Upande mmoja mashine ya kopi inaunguruma, upande wa pili redio kaseti yangu nyeusi inapiga muziki wa dansi wa zamani, magitaa na tarumbeta, wimbo unakwenda na kwenda na mwimbaji bado hajamaliza kumlalamikia mke wake aliyehama na vyombo vyote. Vijana wa chuo wanaoleta kazi zao kuchapwa husimama pale kaunta wamekunja sura. Wenye adabu huvaa vidude vyao masikioni wakanyamaza. Wengine huniambia waziwazi.

"Mama, huna hata ngoma moja ya sasa?"

Nawajibu kwamba sina. Wanajitolea kuniwekea kwenye flashi, tena bure, nami nawaambia redio yangu haina tundu la flashi. Hapo hunionea huruma, na huruma yao inanichosha kuliko kelele zao.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na ngoma za sasa. Nazisikia kwenye bodaboda, kwenye saluni ya jirani, kwenye harusi, kwenye simu ya binti yangu anapoosha vyombo, na nyingine huniganda kichwani hadi najikuta nikizinong'ona huku napanga karatasi. Kinachonichosha ni kwamba mji mzima unapiga wimbo mmoja wiki nzima, wiki inayofuata unapiga mwingine, na ule wa kwanza hakuna tena anayeukumbuka, kana kwamba ulikuwa wa aibu. Vitabu navyo ni hivyohivyo. Ukiingia dukani kutafuta kitabu cha Kiswahili utapewa cha kiada, au mitihani ya miaka iliyopita pamoja na majibu yake, au kimojawapo cha vile vinavyofundisha watu kutajirika kwa kuamka alfajiri. Mimi naamka alfajiri tangu nizaliwe. Ukiuliza riwaya, muuzaji anakuuliza ni ya kidato cha ngapi.

Kwa hiyo nanunua vya mtumba. Jumamosi alasiri hufunga duka mapema nikaenda nyuma ya soko kwa bwana mmoja wa rika langu anayetandika turubai chini na kumwaga juu yake kila kitu: vitabu, rimoti, chaja, miwani ya watu, pasi za mkaa, na kaseti. Huyu bwana mali yake inatoka majumba ya misiba. Akifa mzee, watoto wanakuja kutoka Dar, wanagawana vitanda na mabati, wanapigana kidogo kuhusu kiwanja, kisha wanamwita yeye aje azoe zilizobaki. Zilizobaki ndizo ninazotaka mimi. Nimenunua riwaya zenye muhuri wa maktaba za shule zilizofungwa zamani, zenye majina ya wasomaji kwenye jalada la ndani, moja juu ya jingine, na wa mwisho amekata jina la aliyemtangulia kwa kalamu nyekundu. Nimenunua kaseti zilizoandikwa kwa mkono, "Usiguse", na nimezigusa zote.

Binti yangu husema mimi nakusanya marehemu. Anasema kwa utani, lakini anapoleta rafiki zake nyumbani hufunga mlango wa chumba changu. Sijamlaumu. Kusema kweli hata mimi nilikuwa nimeanza kuchoka. Kabati limejaa, vumbi linanikohoza, fundi aliyekuwa akinitengenezea redio amehamia kwenye simu, na kila ninaposhika kaseti mpya najiuliza ninamtunzia nani. Mwaka huu nilikuwa nimeazimia kuacha. Nisingeendelea kama si mama yangu.

Mama ninaishi naye. Ametoka kijiji kimoja kule upande wa Sikonge, ndani kabisa ambako watu wanalima tumbaku na kutundika mizinga, na alikuja mjini akiwa na mimi mgongoni, bila mume. Hilo halijawahi kuwa siri nyumbani kwetu. Aliuza asali na karanga, akanisomesha, akazeeka. Ni mtu wa maneno machache na mikono yenye kazi wakati wote. Kitu kimoja tu kwake nilikizoea bila kukifikiria: mama yangu haimbi. Kanisani husimama na kitabu cha nyimbo kimefunguliwa ukurasa ulio sawa, midomo imefungwa. Sikumbuki alinibembeleza kwa wimbo wowote. Anasema alikuwa akinipigapiga mgongoni mpaka nilale. Nilidhani kuna watu wanaimba na watu wasioimba, na yeye ni wa kundi la pili. Kwa hiyo nilifika umri huu, nimevuka arobaini kitambo, sijawahi kusikia sauti ya mama yangu ikiimba, na sikuona kama nimekosa kitu.

Masika yaliyopita masikio yake yalianza kumsumbua. La kulia lilikuwa limekwisha kabisa kabla hajaniambia, ndiyo tabia yake. Nilimpeleka hospitali, na daktari, binti mpole mwenye haraka, akatueleza kwamba la kushoto nalo linafuata mwenzake, polepole lakini linafuata. Akasema viko vifaa vya kuvaa, labda Mwanza, labda Dar, ila hakuahidi kwamba vitamsaidia. Mama alitikisa kichwa kama anayeambiwa bei ya mchele.

Tulipofika nyumbani nikabandika chai. Akaniita kutoka barazani, kwa sauti kubwa ambayo siku hizi hajui kwamba ni kubwa.

"Kuna kaseti nataka unitafutie. Wewe si ndiye mtu wa kaseti?"

Nilidhani anataka mahubiri. Nikamuuliza kaseti gani.

"Ya kwaya ya kwetu. Walirekodi zamani. Mimi nilikuwa mwanzishaji."

Nilikaa chini na kijiko cha majani mkononi. Mwanzishaji ndiye anayetangulia peke yake, anautoa wimbo, kisha kwaya inaingia. Haipewi sauti ya kubahatisha kazi hiyo. Nikamwambia mama, wewe? Akasema ndiyo, mimi, unashangaa nini.

Ndipo akanieleza, kwa kifupi na bila kunitazama. Alikuja bwana mmoja kijijini na mashine ya kurekodi, akaiunganisha na betri ya gari, akaitundika maikrofoni kwenye boriti la kanisa. Wakaimba kutwa nzima. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo zote. Wakati huo alikuwa tayari ana mimba, lakini mwili wake ulikuwa wa kuficha na kitenge kikaficha kilichobaki. Baadaye ilipojulikana, wakamtoa kwaya na kumkalisha benchi la nyuma, na hakuna aliyezungumza naye hadi alipoondoka. Hilo alilikubali, anasema, ndivyo ilivyokuwa. Kilichomuuma ni maneno yaliyozunguka kijijini kabla hajaondoka. Wengine walisema mwalimu wa kwaya amemrudisha yule bwana na mashine yake, wamerekodi upya na msichana mwingine, maana haiwezekani watu makanisani waongozwe na sauti ya mwenye dhambi. Wengine walisema si kweli, gari halikuonekana tena. Kaseti ilipotoka yeye alikuwa ameshafika Tabora. Siku moja akaisikia inapigwa kwenye dirisha la nyumba ya watu, kwa mbali, akiwa na sinia la karanga kichwani.

"Ukasikiliza?"

"Nilikimbia," akasema. "Karanga zikamwagika. Nikasema sitaki kujua. Nikakaa hivyo miaka yote. Sasa masikio yanafunga, na nataka kujua kama ni mimi au walinifuta."

Sikuweza kunywa ile chai. Niliona hasira, tena hasira isiyo na mtu wa kumpelekea. Miaka yote nimeinama juu ya turubai nikiokota sauti za wanaume nisiowajua, nazifuta vumbi kwa kanga yangu, na sauti ya mama yangu ilikuwa huko nje inauzwa na mimi sina habari. Na tena sababu ya yeye kunyamaza nilikuwa mimi. Hakunitupia neno hilo, si mtu wa namna hiyo, lakini nani mwingine?

Jumamosi iliyofuata sikungoja alasiri. Yule bwana wa turubai nilimkuta anapanga rimoti. Nikamtajia kijiji na kwaya. Akajikuna kichwa.

"Umechelewa dada yangu. Kaseti siku hizi sizimwagi hapa kabisa. Naziweka gunia, zinakwenda Igunga."

"Igunga kuna nani anayesikiliza kaseti?"

"Hakuna anayesikiliza. Wanatoa utepe. Wanaufunga kwenye miti juu ya mpunga, upepo ukipita unavuma na unametameta, kwelea kwelea wanaogopa. Wale wa majaruba wananunua gunia zima, hawachagui."

Nikamwambia kwa hiyo mimi nashindana na ndege. Akacheka, akasema ndege wananizidi maana hawaombi kupunguziwa. Nilitaka kumtukana, lakini ana watoto wa kusomesha na mimi ni mteja wa kaseti moja kwa wiki. Mtu mmoja mwenye mapenzi yake hawezi kumlisha mfanyabiashara. Kisha akakumbuka. Kabla ya mvua alizoa nyumba ya mwinjilisti mmoja mstaafu, barabara ya kwenda Sikonge, akapata katoni zima la kwaya za vijijini, na katoni lile lilikwenda na gunia la mama mmoja mkulima nje kidogo ya Igunga. Akanipa namba yake ya simu.

Nilipompigia yule mama alisikiliza mpaka nikamaliza. "Za kwaya zipo," akasema, "ila hazijakaa vizuri. Njoo uone mwenyewe."

Sipendi safari. Nilipanda basi la asubuhi, tukapita Nzega, na njia nzima runinga ya basi ilikuwa inaonyesha wasichana wanaotikisa viuno mbele ya magari ya kifahari, wimbo ule ule uliokuwa unapigwa mji mzima wiki ile, na abiria wote wameinua vichwa, hata mzee aliyekaa karibu nami na kuku wake kwenye kikapu. Nikafumba macho. Igunga nikashukia barabarani kati ya malori ya pamba, nikachukua bodaboda, tukakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe mpaka kwenye majaruba.

Yule mama alikuwa amesimama kwenye tuta, kanga kiunoni, kombeo mkononi. Nikamwamkia "Mwangaluka, mayu," akaitikia kwa Kisukuma maneno mengi ambayo Kinyamwezi changu cha mjini hakikuyafikia yote, akaniona nimekwama, akahamia kwenye Kiswahili bila kunicheka. Alikuwa rika langu, labda kanizidi kidogo. Mpunga wake ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Kabla ya kuuona utepe niliusikia. Ulikuwa umevutwa kutoka mti hadi mti juu ya jaruba zima, mistari na mistari ya utepe wa kahawia, na upepo ulipopita yote ilivuma kwa pamoja, sauti moja nzito isiyokoma. Pembeni ya kibanda kulikuwa na beseni kubwa la maganda matupu ya kaseti. Nikachutama nikaanza kuyapekua. Nilisoma majina ya bendi nilizokuwa nikizitafuta tangu nikiwa msichana. Moja niliwahi kuifuata mpaka Urambo nikaambiwa imeuzwa jana yake. Nayo ilikuwa juu pale, na magitaa yake yote na tarumbeta zake, inafukuza ndege. Machozi yalinitoka na sikuona sababu ya kuyaficha. Yule mama akafikiri nimekumbuka msiba, akaniletea maji.

Nilipotulia nikamuuliza za kwaya. Akaketi, akanieleza kitu ambacho sikuwa nimekitegemea. Gunia lilipofika, kaseti za kwanza kukunjuliwa zilikuwa hizo za kwaya, maana ndizo zilikuwa juu. Wakazitundika. Yeye ni Mkristo, hakuona shida. Mume wake ni Mwislamu. Wiki mbili baadaye, jioni, akarudi kutoka malisho ya mbali, akasimama kwenye tuta, akauliza utepe ule una nini ndani. Alipoambiwa, akakataa.

"Akasema hata kama si dini yangu, jina la Mungu haliwezi kukaa juu ya tope linapigwa na jua mpaka lichakae. Nikamwambia halisikiki, baba, linavuma tu. Akasema Mungu analisikia. Basi kesho yake tukateremsha zote. Tangu siku hiyo kwaya tunaweka kando na kaswida tunaweka kando, tunatundika za dansi peke yake. Za dansi hazina neno."

"Na zile mlizoteremsha, mlizichoma?"

Alinitazama kwa mshangao. "Tuchome? Tungechoma nini sasa?"

Akaingia ndani ya kibanda, akanyoosha mkono kwenye paa, akashusha magunzi ya mahindi yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Kila gunzi lilikuwa limezungushiwa utepe, limenenepa mpaka likawa la mviringo. Hawakuweza kuutundika wala kuuchoma wala kuutupa, kwa hiyo waliuzungusha kwenye kile walichokuwa nacho wakauweka juu, pasipofikiwa na kuku. Nilirudi kwenye beseni, nikapekua tena hadi chini kabisa, nikalipata ganda moja lenye karatasi iliyopigwa kwa taipureta: jina la kijiji cha mama yangu na neno "Kwaya". Lilikuwa tupu. Utepe wake ulikuwa kwenye mojawapo ya magunzi yale, na hakuna aliyejua ni lipi.

"Chukua yote," akasema yule mama. Kisha akatazama jaruba lake, upande wa mwisho ambao haukuwa na utepe. "Ila ndege wameshaanza kuingia kule, na mimi sina wa kuongeza."

Hakuwa ananidai. Alikuwa anataja shida yake kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Lakini nilikuwa na magunzi yake mikononi, na nilijua mimi nina kabati zima. Nikamwambia nitamtumia za dansi, utepe kwa utepe. Akashukuru, akasema za dakika tisini ndizo nzuri, zinafika mbali.

Niliporudi Tabora nilifungua kabati nikakaa kitandani. Nilidhani nitateua zile mbovu, zilizoliwa na mashine, zenye ukungu. Nikaziweka kwenye mfuko, hazikufika hata nusu. Ikabidi niguse zilizo nzima. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni, akaniona nasoma jina moja moja na kuliweka mfukoni.

"Mama, hiyo si ile unayoipenda?"

Nikamwambia ndiyo ni ile. Akaketi chini, akaanza kunisaidia kufunga mfuko, na mara hii hakutania. Asubuhi nikaukabidhi kwa kondakta wa basi la Igunga. Nilijisikia vibaya, na pia nilijisikia mwepesi, na hayo mawili sikuweza kuyatenganisha.

Kazi ya kurudisha utepe kwenye ganda naijua. Unahitaji kalamu ya biki ya kuzungushia, wembe, selotepu ile ya kung'aa, na moyo wa kutulia. Moyo wa kutulia sikuwa nao, lakini nilianza. Pale ulipokuwa umekatika nikaunga, pale jua lilipoubabua mpaka ukawa mweupe nikakata nikatupa. Gunzi la kwanza lilikuwa kwaya, lakini ya mahali pengine, wanataja jina la mji wao katikati ya wimbo. La pili lilikuwa mahubiri. La tatu lilitoa sauti za watu wanaomeza maneno, nikaelewa kwamba utepe umeingia kinyumenyume na unaimba kuanzia mwisho. Nikautoa wote nikaanza upya. Siku zilikuwa zinakwenda. Mama hakuuliza, ila kila asubuhi nilipomsemesha niliona naongeza sauti kidogo kuliko jana.

Jumapili moja baada ya kanisa, niliugeuza utepe wa gunzi lile la tatu, nikabonyeza, nikasikia mtu akikohoa, kuku akilia mbali, kisha mwanamume akitaja kijiji cha mama yangu. Nikazima haraka. Nikaibeba redio mpaka barazani, nikaiweka kwenye kigoda upande wake wa kushoto, karibu kabisa na sikio. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini.

Sauti ilikuwa inapepesuka, inazama na kuinuka. Msichana akaanza peke yake. Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu, isiyo na woga, na ilipofika mwisho wa mstari kwaya nzima ikamfuata kama watu wanaoingia mlango mmoja. Nilimtazama mama ili nione usoni mwake kama ni yeye. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

"Ni mimi?" akauliza.

Sikujua. Nitajuaje? Ninajua sauti za waimbaji waliokufa kabla sijazaliwa, nikipewa pumzi moja tu nakwambia huyu ni nani na bendi gani, lakini ya mama yangu sikuwahi kuisikia. Nikamwambia mama, wewe ndiye unayejua.

"Mimi sijawahi kujisikia," akasema. "Nilikuwa naimba tu. Na huyo mwingine tulifundishwa pamoja, sauti zetu zilikuwa zinafanana."

Tukasikiliza wimbo wa kwanza, na wa pili, na vipande vya wa tatu pale jua lilipoacha. Nilianza kuchoka, uchovu wa mwili mzima. Nilifikiri nimewatupa waimbaji wangu kwa ndege ili nimletee mama swali lile lile alilokuwa nalo, sasa likiwa na sauti. Hakuna mtu aliye hai ambaye ningeweza kumpigia simu. Nilifikiria kumdanganya, kumwambia ndiyo ni wewe, na mdomo nikaufungua.

Akaniinulia mkono ninyamaze. Kwenye wimbo wa nne msichana alikuwa ametangulia tena, anaupandisha mstari mrefu, na katikati ya neno sauti ikakatika. Ikasikika anavuta hewa, kwa nguvu, vibaya, mahali ambapo mwimbaji yeyote asingevuta, kisha akaendelea, na kwaya ikayumba kidogo kabla ya kumpata.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akainama mpaka sikio likagusa spika. Sauti ikapanda, ikakatika, hewa ikavutwa.

"Ni mimi," akasema.

"Umejuaje mama?"

"Mstari huo ulikuwa unanishinda. Siku zile zote nilikuwa nakatika hapohapo. Mwalimu alinigombeza mbele ya watu, anasema unaimba kama mtu anayepanda mlima, na mimi siwezi kumwambia sababu." Akaweka kiganja chini ya ziwa la kushoto, kwenye mbavu. "Ulikuwa unakaa hapa. Ulikuwa umenibana, pumzi haifiki. Yule mwingine hakuwa na mtu tumboni, asingekatika hapo."

Mama hakulia, wala mimi sikulia wakati ule. Alifuta spika kwa pindo la kanga, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hawakunifuta," akasema. "Na wewe umo." Kisha akageuza tena lile sikio lake la kushoto, akasubiri nirudishe.